Ubeti wa Mzee wa Eldas

Watu wakiniuliza mchezo wetu ulifikaje Kismayu na Mogadishu, ilhali sisi wenyewe hatukuruhusiwa kuvuka hata Liboi pale mpakani, huwajibu kwamba ulikwenda kwa miguu yake. Wanacheka. Wacha wacheke.

Ulianzia Garissa, Idi moja, kwenye uwanja wa shule. Msichana anampenda dereva wa lori, baba mtu anataka ngamia wa mahari. Mume wangu aliutunga, naye ndiye aliyekuwa dereva. Msichana alikuwa kijana wa kiume aliyejitanda nguo za dada yake, akifumbua mdomo tu. Sauti ilikuwa yangu, nyuma ya pazia. Mwanamke kusimama jukwaani siku hizo? Thubutu! Watu walicheka, wakalia, wakadai urudiwe kesho yake. Haukupita muda, wazee wa Wajir wakatuita.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita. Serikali ikisema mashifta, yaani majambazi, watu wetu wakisema mengine, na sisi katikati tukiomba vibali. Tulisafiri na msafara wa jeshi, bunduki mbele, bunduki nyuma, ngoma zetu zimefunikwa turubai. Kila mji ulitupa ubeti wa kuzijibu nyimbo zetu, kama ilivyo ada, nasi tukauingiza mchezoni. Na kila ubeti uliimbwa pamoja na jina la mtungaji, la baba yake na la babu yake. Kwetu, kuimba shairi la mtu bila kumtaja ni wizi, tena una aibu kuliko kuiba mbuzi.

Lakini kila tulikofika, watazamaji walizidi kupungua. Mikeka ya mbele ilibaki mitupu. Nikiuliza vijana wako wapi, wanawake huninong'oneza kwamba askari wamewachukua. Niliogopa, sifichi.

Huko Eldas, upande wa Wajir, alitujia mzee ambaye askari walikuwa wamewapiga risasi ngamia wake kisimani. Alitembea kutoka malishoni kutuletea ubeti: "Umeua ngamia, umeacha kisima, sasa ni nani atakayekinywea?" Akamwomba mume wangu aufikishe mjini, wenye bunduki wausikie. Mume wangu akaweka mkono kifuani, akaahidi.

Tuliporudi Garissa, mkubwa wa kambi ya jeshi akasema hatupati kibali kingine mpaka auone mchezo mwenyewe, na mkalimani wa kwetu ameketi ubavuni pake. Asubuhi ya siku hiyo nilimwambia mume wangu aimbe yote akipenda, ila jina la mzee alimeze. Tukagombana hadi chai ikapoa.

"Nisipomtaja, mimi ni mwizi," alisema.

"Heri uwe mwizi wewe kuliko yeye awe maiti."

Akachukua ngoma yake, akatoka. Alikuwa mtu mwema, jamani, lakini wema wake ulikuwa na ukaidi wa punda.

Mchezo ulipoanza, nilichungulia kwenye tundu la pazia. Aliimba ubeti ule vizuri kuliko siku zote, kisha akataja: mzee, baba yake, babu yake, hata kisima chenyewe. Mkalimani akainama, akanong'ona. Mkubwa alitulia kidogo, akapiga makofi, na kibali akatupa papo hapo. Mume wangu akaniambia, umeona sasa, ulikuwa ukiogopa bure. Mimi nikamwambia kimya kingi kina mshindo mkuu.

Baadaye dereva mmoja kutoka Wajir akatuletea habari. Askari walikuwa wamefika Eldas, hawakumtafuta mtu mwingine yeyote, wakamwita yule mzee kwa majina yote matatu. Walimchukua. Mume wangu alikwenda ofisini tena na tena kumuulizia, akaambiwa mtu kama huyo hawamjui. Mzee hakuonekana tena.

Mchezo, lakini, haukuwa na habari na misiba yetu. Mfanyabiashara wa Kismayu alikuwa ametutumia waimbaji wawili, tukawaweka nyumbani kama wageni mpaka wakauhifadhi wote. Wakarudi kwa njia za porini, wakaunda kundi kubwa kuliko letu, na msichana wao alikuwa mwanamke kweli. Punde redio ya Mogadishu, ng'ambo ya mpaka, ikaanza kuuimba ubeti wa mzee, pamoja na majina yake. Sokoni watu walisimama kusikiliza. Mume wangu akaacha kwenda sokoni.

Ndipo akaja mke wa yule mzee. Alishuka kwenye lori la mbuzi, akaulizia nyumba yetu, na chai yangu hakuigusa. Alisema mumewe aliutungia njiani ubeti huo, yeye hajawahi kuusikia. Amekuja kuusikia. Mume wangu aliimba huku analia, akataja majina yote, kisha akapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, mama. Ni mimi niliyewapa jina lake."

"Najua," alisema yule mama. "Walipomwita vile, na baba yake na babu yake, alicheka. Akaniambia, yule kijana niliyempa ubeti ameufikisha."