Maji Yaliyogoma Kufika Mia

Mjukuu wangu alipopanda Mgeta likizo iliyopita, alishuka kwenye lori kakumbatia kiboksi kama mtu aliyebeba mayai. Nikadhani kaniletea zawadi. Kumbe ni kipimajoto cha shule: kijiti cha kioo chembamba kuliko kidole changu, ndani yake uzi mwekundu. Yuko kidato cha pili Morogoro mjini, na mwalimu wa fizikia alimkabidhi yeye, katika darasa zima, ajiandae kwa maonyesho ya sayansi. Siku ile sikulima. Nilizunguka kwa majirani, na hakuna ambaye hakuambiwa.

Asubuhi tukainjika sufuria. Akanieleza kwamba maji yakichemka joto lake hufika mia na hapo hukaa. Uchochee kuni utakavyo, hayapandi tena, moto wote unaishia kuyageuza mvuke. Nilimcheka. Moto uongezwe, joto lisiongezeke?

"Angalia mwenyewe, Bibi," akasema.

Tukainama wawili. Uzi ukapanda kama mchwa ukutani. Maji yakatoa vipovu vidogo, kisha yakachafuka, yakawa yanarukaruka. Uzi ukasimama tisini na tano. Nikachochea, nikapuliza mpaka machozi yakanitoka. Tisini na tano. Hapo mtoto alisema kweli, haukupanda tena. Lakini mia iko wapi?

Akabadilisha maji, akabadilisha na sufuria. Palepale. Jioni nikamkuta nyuma ya jiko analia. Alidhani kipimajoto kimeharibika kwa lile lori lilivyokuwa likirusha watu kwenye makorongo. Shuleni kwao vifaa ni vya kugombania. Ukiharibu hupewi tena, na kwenye maonyesho anakwenda mwingine.

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, machozi hayaungi kioo. Kesho tunashuka wote. Utamweleza mwalimu kwa mdomo wako, na mimi nitakuwa nimesimama hapo."

Tukashuka na lori la njegere. Tulipofika mjini kwa binti yangu, mama yake huyu mtoto, nikasema tuchemshe tena kabla ya kwenda shuleni. Sikuwa na akili yoyote hapo, nilitaka kuisogeza aibu mbele kidogo, na chai pia nilikuwa naitaka.

Maji yakawekwa kwenye gesi. Uzi ukafika tisini na tano, ukapita bila hata kugeuka nyuma. Ukasimama tisini na nane.

Mtoto akazima gesi, akasubiri, akawasha upya. Tisini na nane. Ndipo akaniuliza kama maharage huchelewa kuiva kule kwangu kuliko hapa kwa mama yake. Nikamjibu kwamba yanachelewa tangu nizaliwe. Nimeshalaumu mbegu, nimelaumu kuni mbichi, na binti yangu nimemsema miaka mingi kwamba ananunua maharage malegevu ya dukani.

Akakaa chini sakafuni, macho yamemtoka. "Bibi, ni hewa. Hewa ina uzito. Hapa chini hewa iliyotulalia juu ni nyingi, inayakandamiza maji, mpaka yapate moto zaidi ndiyo yatoke kuwa mvuke. Kule kwako tumeshapanda juu, hewa nyingine tumeiacha huku chini. Maji yanaponyoka mapema. Mia ni kule Dar, usawa wa bahari."

Nywele zilinisimama. Nikachungulia dirishani, mlima uko palepale, wingu limeufunika kichwa. Nimeupanda na kuushuka na matenga ya viazi tangu sijaota matiti, nikijua mzigo ni viazi. Kumbe muda wote nilibeba na hewa, na kila nikipanda inapungua, na hakuna aliyeniambia. Tunaishi chini yake kama kambare chini ya bwawa. Na anayenifungulia jambo hilo ni mtoto niliyemfuta kamasi kwa khanga yangu hii.

Alasiri tukaenda shuleni. Mwalimu, kijana mdogo anayekaa hapohapo shuleni hata likizo, akaniamkia shikamoo, akamsikiliza mwanafunzi wake mpaka mwisho. Alisema kitabuni anaijua habari hiyo, ila huko juu hajawahi kupima. Kisha akamrudishia kiboksi mkononi. "Kizima kabisa hiki. Rudi nacho, upime kila lori litakaposimama. Hicho ndicho utakachokwenda kuonyesha."

Basi tukapanda na jiko la mkaa na birika. Tuliposimama Mlali, wapakizi wakatutania kwamba hawajaona chai ya wachoyo kama hii, haina majani wala sukari. Mjukuu wangu hakuwajali, jicho kwenye uzi. Kila tulipozidi kupanda, maji yakachemka chini ya pale pa mwanzo, kidogo kidogo, kama yanahesabu kona pamoja na dereva.

Nyumbani yalisimama palepale yalipomliza. Safari hii alicheka. Mimi nikabaki nimeinama juu ya sufuria yangu kuukuu, mvuke unanilowesha uso, maharage nimeyashika mkononi nimesahau kuyatia.