Vipimo Viwili kwa Siku

Shule niliacha mwaka wa tatu, siku mwalimu alianza kutufundisha kugawanya. Kujumlisha nilijua, kugawanya kulinishinda. Sikujua kutanifuata mpaka kwenye shimo.

Tulikuwa tunachimba tini, yale madini ya bati, katika mugodi wa muzungu karibu na Lusangi. Kila mutu alipimiwa udongo wake kwa fimbo. Ukimaliza kipimo, unarudi kambini. Kila juma tulipewa posho, muchele na samaki ya chumvi, na ni ile samaki ilinipatia bibi. Baba yake, mutu wa kijiji cha Wamaza, hakunificha: "Mukwe, sura hauna. Lakini samaki uko nayo. Siku samaki itaisha, mutoto wangu anarudi."

Kisha kapita, musimamizi wetu, akatuambia bei ya tini imeanguka kule Ulaya. Sisi hatukusikia kishindo. "Muzungu atapunguza watu," alisema.

Tukatafuta akili. Mimi mwenye masomo ndiye niliitoa: "Wandugu, tumuonyeshe kama hawezi bila sisi. Kila mutu achimbe vipimo viwili kwa siku."

"Hiyo ndiyo akili ya shule!" wakanisifu.

Tukachimba mpaka mikono ikachubuka. Bibi yangu alinikanda mugongo na maji ya moto, akiuliza, "Unachimba kaburi ya nani?"

Mwisho wa juma muzungu akaja, akaangalia mashimo, akafurahi. Karani akatutafsiria: "Mukubwa anashukuru sana. Anasema kama mutu moja anaweza kazi ya watu wawili, basi nusu yenu warudi kwao."

Kugawanya nilikuelewa palepale, bila mwalimu.

Katika ile nusu nilikuwa wa kwanza. Wandugu hawakunipiga, walinitazama tu, na afazali wangenipiga. Baba mukwe alifika, akala nami samaki ya mwisho, akaondoka na mutoto wake. Mimi nikarudi kwetu Kasongo kulima pamba ya lazima.

Miaka ikapita. Wazungu wakaanza vita yao, tini ikapanda bei. Kapita yuleyule akaja kwetu na askari na kamba. "Mwenye akili! Muzungu anakutaka."

"Kwa posho ileile?"

"Ileile. Lakini vipimo sasa ni viwili. Si nyinyi mulionyesha inawezekana?"

Nikaenda, kamba haibishiwi. Samaki ya kwanza sikuionja. Niliifunga kwenye majani, nikampa mupita njia aipeleke Wamaza. Jibu la baba mukwe likarudi upesi: "Samaki imefika, aksanti. Mutoto iko na bwana mwengine. Lakini usiache kutuma."