Kadi ya Jirani

Katika utafiti wangu, mdogo wangu ni mkimbizi. Yumo kwenye hesabu ya wanawake wakimbizi waliofariki kwa uzazi, na nimeshindwa kumtoa. Kazi yangu ni uchumi wa afya, maana yake napita huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nikiuliza nani anatibiwa, nani hatibiwi, na sera inasema nini juu yao. Watu wakiniuliza hiyo ni kazi gani, huwa nawajibu vibaya, na siku hizi nawajibu vibaya zaidi.

Hakuwa mkimbizi hata kidogo. Alizaliwa Midia, kule Koboko, mtoto wa mama yangu mdogo, na tumekulia jiko moja. Akaolewa Omugo, kando ya kambi ya wakimbizi, na mkulima wa tumbaku, mwanamume mpole mpaka anakera. Jirani yake huko alikuwa mwanamke aliyekimbia vita Sudan Kusini, Mkakwa kama sisi, anasema lugha yetu kwa lafudhi ya upande wa pili wa mpaka. Yeye na mdogo wangu walishibana. Chumvi ya huyu ilikuwa chumvi ya yule, na watoto walikula popote chakula kilipowakuta. Nikienda kuwatembelea walikuwa wakiicheka suruali yangu ya kazi, na jirani akisema nimekuja tena kupima watu kama mahindi.

Huko Omugo kliniki ni ya wote, mwenyeji na mkimbizi. Dawa zikiwepo mnagawana, zikiisha mnakosa pamoja. Tofauti ilikuwa gari la wagonjwa. Mkimbizi akizidiwa, gari lilimpeleka hospitali Arua bila swali, kwa sababu wafadhili walilipia. Mwenyeji aliambiwa atafute mafuta kwanza. Hilo ndilo nililokuwa nikilichunguza. Nilikuwa na mchoro wa kulieleza, wenye rangi mbili, na niliuonea fahari sana.

Uchungu ulimshika mdogo wangu wakati tumbaku bado inakauka bandani, haijauzwa, nyumba haina kitu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga wa kliniki alimpima, akatoka nje, akamwambia shemeji yangu kwamba lazima mkewe apasuliwe Arua na kwamba gari halina mafuta ya mwenyeji. Shemeji akaanza kuzunguka kwa watu kuomba. Mtandao ulikuwa umekatika tangu mvua ya asubuhi, hata kunipigia mimi haikuwezekana.

Jirani hakungoja. Alifungua fundo la kitambaa kiunoni, akatoa kadi yake ya ukimbizi, akamtilia mdogo wangu mkononi, kisha akachukua kitambulisho cha mdogo wangu cha uraia akakifunga pale pale kiunoni kisipotee. Mkunga aliwajua wote wawili, maana yeye ndiye aliyewazalisha watoto wao waliotangulia. Akaandika jina la jirani, akaita gari.

Watu wa huku ndivyo walivyo. Mpaka umepita katikati ya ukoo, basi mtu anaona jina ni kitu cha kuazimana, kama kinu. Nimewaona wakifanya hivyo shuleni, hata kwenye foleni ya chanjo, na wala sikuona ubaya, kwa sababu mara nyingi inasaidia.

Gari lilifika Arua. Mtoto, wa kike, alitolewa mzima. Mama yake alikuwa amekwisha kupoteza damu nyingi, akafa kabla jua halijazama.

Mtandao uliporudi nikapata habari, nikamkuta shemeji nje ya chumba cha maiti, ameshika ndala za mkewe. Mhudumu alikuwa amemwambia kwamba huyu ni mkimbizi, gari la kambi litakuja kumchukua akazikwe makaburi ya kambini, labda ajitokeze ndugu wa damu mwenye kitambulisho cha Omugo. Kwetu mtu huzikwa nyumbani, ubavuni mwa nyumba, watoto wake wakitoka mlangoni wanamwona. Shemeji hakutaka kitu kingine chochote duniani. "Shemeji," aliniambia, "mimi hapana acha yeye kwa kambi."

Mimi nikapandisha hasira. Nikasema naingia ofisini sasa hivi nawaeleza wote ukweli, waone haya, wao na mafuta yao. Nilikuwa nimekwisha kushika mlango. Jirani, aliyelifuata gari kwa boda, akanivuta mkono.

"Dada, hapana sema. Ukisema, mkunga anafukuzwa kazi. Na huyu mutoto, wataita wa nani?"

Kisha akaingia yeye. Mhudumu akataja jina la marehemu, yaani jina la jirani mwenyewe, akamuuliza ni nani wake. "Mimi iko dada yake," alisema, akafungua fundo, akatoa kitambulisho cha mdogo wangu. Mhudumu akaangalia picha, akamwangalia yeye. Wote wembamba, wote kitambaa kichwani. Akakirudisha. Nilisimama pale nikimsikia mtu akiomba apewe maiti yenye jina lake.

Tulimzika Omugo, ubavuni mwa nyumba. Saruji ya kaburi haina jina. Shemeji alitaka liandikwe, jirani akamwambia asubiri kwanza, na mpaka leo anasubiri.

Maana kambini jirani alikuwa amekwisha kufa. Hospitali ilipeleka taarifa, wakamfuta, mgao wake wa chakula ukasimama. Angeweza kwenda kuweka kidole kwenye mashine waone yuko hai. Lakini wangeuliza ni nani aliyekufa kwa jina lake, na mkunga yupo pale pale anazalisha watu. Hakwenda. Anatembea na kitambulisho cha mdogo wangu, analima kipande cha shamba alichopewa na shemeji, na yule mtoto alimnyonyesha pamoja na wake. Makarani na askari wanamwita kwa jina la mdogo wangu. Mimi nimejaribu, ulimi unakataa.

Ripoti niliisoma katika ukumbi wa hoteli mjini. Maofisa walishuka kutoka Arua Hill, kwenye ofisi za serikali, wakanywa chai, wakanisikiliza. Mmoja akauliza mbona wakimbizi nao wanakufa kwa uzazi ilhali gari wanalo, basi pengine gari si tatizo. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Nilijua kwamba mmoja wa hao wakimbizi alizaliwa Midia na nilimbeba mgongoni. Nikisema, namchoma mkunga. Nikameza, na chuki niliyoisikia siku ile ninayo bado.

Juzi nilikwenda Omugo. Jirani alinitolea kiti. Mumewe amerudi kutoka ng'ambo ya mpaka, na mimba ya jirani sasa inaonekana. Suruali yangu hakuicheka.

"Dada," aliniuliza, "sasa mimi iko mwenyeji. Siku yangu ikifika, gari itanibeba?"

Nilimwambia mafuta nitalipa mimi.

"Na kama mtandao hapana?"

Nilikwenda senta, kwenye maduka, nikanunua dizeli, dumu zima, tukaliweka nyuma ya mlango, karibu na mkeka wa watoto. Nyumba nzima inanuka, na miezi ya kungoja bado ipo.