Bia ya Harusi ya Umutoni

Donat alipenda bia iliyolala. Bia ya ndizi, alisema, ni ya watu wenye haraka. Yake ilitaka baridi na subira, kama ile aliyoitunza miaka mingi kwenye ghala la chini la kiwanda kimoja huko Bukavu, kabla yeye na mkewe Dative hawajarudi Rwanda na kupanga nyumba Gisenyi, karibu na mpaka.

Mwishoni mwa 1997 binti yao wa pekee, Umutoni, alichumbiwa. Donat akaapa kwamba bia ya dukani haitaingia kwenye harusi hiyo. Akaloweka shayiri, akaiotesha juu ya magunia mpaka ikawa kimea, akaikausha juani, akaitwanga. Hamira na yale maua makavu yanayoipa bia uchungu alipewa na rafiki yake wa Goma aliyefanya naye kazi kiwandani. Wakapika uani kwa sufuria kubwa, Dative akikoroga na kulalamikia moshi.

"Polepole, Mama Umutoni. Hii haiko bugali."

"Bon, shika mwiko we mwenyewe, tuone."

Wakaitia kwenye madumu, yakawekwa chumba cha nyuma, yamefunikwa magunia yaliyolowa maji. Bia ikachemka yenyewe taratibu, povu likapanda, likashuka. Donat akaonja, akatikisa kichwa.

"Ingali mutoto. Sasa ilale kwa baridi."

Pale Gisenyi, kando ya ziwa, baridi hakuna. Ndiyo maana akayapeleka madumu kwa mdogo wake, Gatete, aliyeishi vilimani juu ya Mahoko, mahali ambapo mtu hulalia mablanketi mawili. Wakachimba shimo nyuma ya nyumba, wakayapanga humo, wakayafunika nyasi. Tangu hapo Donat alikuwa akipanda mara kwa mara, akisema anakwenda kulegeza vifuniko ili hewa itoke.

Lakini miezi hiyo waasi walikuwa wakitoka msituni na kuvamia magari.

"Papa Umutoni, usiende," Dative alimwambia asubuhi moja. "Watu wanakufa kwa ile barabara."

"Iko na hewa mingi. Nisipoifungulia, madumu yatapasuka."

"Yapasuke!"

"Na mutoto wetu aolewe na Fanta?" Akacheka, akavaa sweta, akapanda pikapu iliyokuwa ikifuata viazi.

Haikufika Mahoko. Gatete ndiye aliyekwenda kuwatazama waliolazwa kando ya barabara, akamtambua kaka yake kwa sweta.

Dative hakulia. Alikaa kwenye mkeka, watu wakiingia na kumpa pole, naye akiwaza jambo moja tu: kwamba angeweza kumfichia viatu. Viatu vilikuwa chini ya kitanda. Angevificha tu.

Kwao, siku ya kumaliza matanga ndugu hunywa pamoja. Siku moja kabla ya hapo, Gatete aliteremka na madumu yote.

"Shemeji, hakuna hata moja iliyopasuka," alisema mlangoni. "Hewa nilikuwa naitoa mi mwenyewe. Kaka alinionyesha."

Dative akamtazama. "Toka lini?"

"Toka mwanzo. Ye alikuwa anakuja kuonja tu. Anakunywa kikombe kimoja, anafurahi, anarudi."

Hapo ndipo sauti ilipomtoka Dative. Majirani walikimbia wakidhani kuna msiba mwingine.

Waliiacha bia itulie mpaka kesho yake, kisha wakaimimina. Ilikuwa safi, rangi ya majani makavu, na povu lake lilishika ukingo wa glasi. Wazee wakanywa, wakasema Donat alikuwa fundi. Dative alishika glasi yake hadi povu likaisha.

"Mama, kunywa hata kidogo," Umutoni alimnong'oneza.

Akainywa yote kwa mkupuo, amesimama.

"Imelala muzuri," akasema, akaingia chumbani.

Umutoni aliolewa mwaka uliofuata, bila ngoma, kwa soda na bia ya dukani. Dative alimpa jirani sufuria ile kubwa na hakupika bia tena. Siku hizi anaishi kwa binti yake huko Nyamyumba. Umutoni anasema kuna asubuhi humsikia jikoni akimgombeza marehemu Donat:

"Si ungesema tu unaenda kuonja?"