Buti za Matope Yote

Asubuhi moja katika miaka ya tisini, mvua za masika zikiwa zimekolea, niliondoka Kakamega mjini bila mpango. Mwenye nyumba alikuwa amempa mpwa wake chumba changu, kwa hiyo nilichohitaji ni pa kulala kabla ya giza. Miguuni nilikuwa na buti za plastiki ngumu zenye vifungo vya chuma, nilizozichagua mwenyewe kwenye mitumba.

"Hizi ni za matope yote, kaka," muuzaji aliniambia, mtu ambaye sidhani aliwahi kukanyaga nje ya lami. Ndani ya buti kulikuwa na picha ya mtu akiteleza mlimani juu ya kitu cheupe. Muuzaji alisema ni unga. Mimi niliacha shule mapema, lakini nilikuwa nasoma hata karatasi ya kufungia nyama, na nilijua ni theluji. Niliwahi kusoma kwamba watelezaji hao hufunga mbao chini ya buti: mbao pana kwa theluji laini, nyembamba kwa ile iliyoganda, na anayekosea huvunjika mguu. Wao huchagua kwa akili. Sisi tulichagua kwa kung'aa.

Na si kwamba hatukujua matope. Kwenye changarawe ya murram unavaa akala za tairi, kwenye kinamasi gambuti za mpira, na kwenye mteremko wa udongo mwekundu unavua kila kitu na kushika ardhi kwa vidole. Waenda kanisani wetu hubeba viatu mkononi, wakaosha miguu kijitoni, wakavaa mlangoni. Haya yote niliyajua, nikayadharau kwa sababu ya vifungo.

Niliiacha lami, nikakata kupitia miwa kuelekea msituni. Kwenye murram nilitembea kama meza inayohamishwa. Kwenye udongo mwekundu nilikuwa mtelezaji kamili, ila bila mbao. Kwenye majani yaliyooza maji yaliingia kwa juu yakakataa kutoka. Wanawake wenye kuni kichwani, peku, walinipita, wakanisalimia kwa heshima, wakacheka walipokata kona.

Jioni nilifika Buyangu, kwa mama mmoja aliyewapangishia vyumba vibarua wa msitu. Chumba kipo, alisema, lakini sakafu ameisiriba kwa samadi asubuhi hiyo, na kiatu hakivuki kizingiti. Niliinama. Tope lilikuwa limekauka ndani ya vifungo kama saruji.

"Mama, hazitoki."

"Basi na wewe huingii."

Giza lilikuwa linashuka. Alinipa kisu cha mboga, akasimama juu yangu akinielekeza nichokoe wapi, hadi mguu wa kwanza ukatoka, mweupe na umekunjamana. Aliitazama buti kuliko alivyonitazama mimi.

"Kesho unaenda wapi na hizi?"

Nilisema sijui.

"Ziache hapo. Kuku wangu anatafuta pa kutagia."

Nilichokoa na ya pili, nikaingia peku. Alinionyesha mkeka, akaleta obusuma, ugali wa kwetu, na mboga.