Mguu Nilioutekenya Kambini Ruma

Acheni niseme mwenyewe kabla mashemeji hawajawahadithia. Kwetu Wajaluo, mwanaume halali chini ya paa moja na mama mkwe, sembuse kumgusa. Kwa hivyo, kambini karibu na mbuga ya Ruma, mama mkwe nilimpa gari lenye vitanda alale na watoto. Mimi na Akinyi, mke wangu, tukaingia hemani. Nilijiona bingwa wa heshima.

Asubuhi nilikwenda kuchemsha chai. Niliporudi, mguu ulikuwa umechomoza hemani. Nikautekenya.

"Amka, mpenzi, twiga wamekuja!"

Akinyi akachungulia kutoka garini, macho yamemtoka. "Baba Atieno! Mama amekesha akiogopa gari litaondoka naye. Nimemlaza hapo!"

Mguu ukarudi ndani polepole.

"Mkwe," sauti ikauliza, "hao twiga wako wapi?"