Leso Iliyozima Yoti

Kama umewahi kuona nguo zako za ndani zikiinuliwa juu mbele ya mkahawa uliojaa watu wanaokula samaki, njoo tukae pamoja, tutaelewana. Kama hujawahi, cheka tu, nimezoea, maana hapa Greyville, Durban, jirani yangu Mama Divine, Mrundi anayesuka nywele, hunipigia saluti ya wanamaji kila nikipita na beseni.

Mchumba wangu Evans, dada yake Naomi na mume wa Naomi, Peter, walikodi yoti wiki nzima kuzunguka visiwa vya Ugiriki, na mimi nikaalikwa. Mwaliko huo ulikuwa mtihani. Dada Naomi ni mhadhiri hapa Durban, ndiye kifungua mimba wao, na mama yao kule Nakuru alishasema kwamba habari za posa zitasubiri mpaka Naomi aniangalie vizuri (na Naomi akikuangalia, unajikuta unavuta sketi chini hata kama umevaa suruali). Mama Divine alinipa onyo moja tu: "Moraa weye, kule ndani ya maji iko wakwe zako. Chupi isionekane!"

Niwaeleze wale ambao hawakulelewa na mama yangu. Kwetu msichana hufua nguo yake ya ndani kwa mkono kila anapooga, hamwachii mtu, haiweki mpaka kesho, na akiianika anaifunika kwa leso, ile kanga ya kujifunga, ili shemeji akipita aone leso tu. Sasa yoti haina pa kuanika. Choo chake ni kabati lenye bomba, na kabini zina unyevu hadi nguo inaamka imelowa kuliko ilivyolala. Mahali pekee penye upepo ni reli ya nyuma, na nahodha wetu, Mgiriki mpole mwenye masharubu, alikuwa ametuambia siku ya kwanza kwamba nyuma hapaning'inizwi kitu. Dada Naomi akanitafsiria, kana kwamba Kiingereza nakisikia kwa mara ya kwanza: "Umesikia, Moraa? Sisi ni watu wa heshima. Mtu asituaibishe."

Nilisikia. Lakini mchana mmoja jua lilikuwa kali, tulikuwa katikati ya bahari, na nahodha alisema tutafika jioni, kwa hiyo nikajiambia saa moja tu, nani ataona? Nikaanika zangu kwenye reli, nikazifunika na leso nyekundu, nikafunga fundo (vibanio nilivisahau Durban, mimi ambaye kazi yangu kiwandani Mobeni ni kukagua kasoro za wenzangu!), kisha nikaenda kulala kule mbele kwenye kivuli cha tanga.

Niliamshwa na nanga ikishuka. Mawimbi yalikuwa yamekua, na nahodha alikuwa ameamua kuingia bandari ya karibu. Kule chombo hakiegeshwi ubavu, kinarudi kinyumenyume mpaka kisigino chake kiguse gati, na juu ya gati ndiyo mikahawa, meza zimepangwa kama za harusi. Nilikimbia nyuma. Reli ilikuwa tupu. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima.

Yoti isiyo na injini ni jani. Upepo ukatubeba ubavu hadi kwa yoti nyeupe ya wazee wawili waliokuwa wakinywa chai, bibi akatusukuma kwa mguu bila kuweka kikombe chini, Evans na Peter wakahangaika na kamba, watu mkahawani wakasimama na simu zao. Nahodha akachukua kisu changu cha mkate, akazama hadi kwenye pangaboi la injini.

Akaibuka na utepe wa leso. Akazama, akaibuka na chupi ya maua ya buluu, akaiinua juu kwa adabu kabisa. "Ni ya nani?"

"Eish, shem!" Peter akapiga kelele, ameshika mbavu. "Kumbe tuna bendera!"

Ikaja ya pili, ya mistari. Peter akalala chini kwa kicheko. Evans hakujua aangalie wapi. Dada Naomi aligeuza uso, na hapo niliiona posa yangu ikizama mahali pale pale alipokuwa anazama nahodha.

Kisha ikaja ya tatu, rangi ya maziwa, yenye lesi, pana kama aproni. Sikuwahi kuiona maishani. Kicheko cha Peter kikakatika ghafla, kikasimama vile teksi za Durban hazisimami hata robot, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu. Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama mlima kana kwamba ana mbuzi zake huko.

Nikaelewa.

"Na hii?" nahodha akauliza.

"Zote ni zangu," nikasema, kwa sauti iliyofika hadi jikoni.

"Moraa," Evans akanong'ona, "hata hiyo?"

"Hata hiyo. Ni ya kulalia."

Mkahawa mzima ukapiga makofi.

Jioni nikiosha vyombo, Dada Naomi akaja, akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani. Alikausha moja muda mrefu sana. "Niliona leso yako," akasema, "nikaona chini iko nafasi. Nikafungua fundo kidogo." Akaisugua tena sahani ile ile. "Huenda sikulikaza." Nikampa sahani nyingine. Akaiweka, akatoa simu, akampigia mama yake mbele yangu: "Mama, huyu ni wetu. Waambie wazee wajiandae."

Tangu siku hiyo sianiki kitu kwenye chochote chenye injini, na vibanio natembea navyo kwenye mkoba. Peter bado ananiita Ya Kulalia mbele za watu, nami nameza. Juzi mvua iliwakamata yeye na Dada Naomi kwangu, wakalala. Asubuhi, wakiwa wanakunywa chai, niliingia bafuni kuanua nguo, nikainua leso yangu mpya, na chini yake, kando ya zangu, nikaikuta ile ya rangi ya maziwa, imebanwa kwa vibanio vyangu.

Nikairudishia leso, nikafunga mlango.